Swali Moja, Mstari Mmoja

Kwa Feza hakuna swali la bure. Anayetoka Kasongo na kalamu mfukoni na bunda la makaratasi mgongoni huambiwa hivyo kabla hajafika. Hata watoto wachotao maji kando ya barabara, kule mbele ya Lusangi kuelekea Kabambare, humpigia kelele: "Unaenda kwa Mama Feza? Jembe lako iko wapi?"

Aliyeanzisha mambo haya ni Nathanaël, mwanafunzi wa kilimo, kijana wa viatu vyeupe. Alikuja wakati wa kupalilia mpunga, akamsimamisha Feza katikati ya shamba na kuanza: nyumbani mko wangapi, mbegu mnatoa wapi, ndege mnawafukuza namna gani. Feza alijibu yote, maana kijana alikuwa na adabu. Jua likapanda, magugu yakabaki yamesimama vilevile. Mwishowe Nathanaël akafunga makaratasi yake.

"Aksanti sana, Mama. Mungu atakulipa."

Feza akamtazama. Neno hilo alikuwa amelisikia sokoni miaka mingi, na siku zote lilitoka kwenye mdomo wa mtu asiyetaka kulipa.

"Atanilipa," alimjibu, "lakini Mungu hapalilii."

Kijana akaenda zake. Baada ya muda akarudi amenywea, maana mwalimu wake alikuta mashimo katika kazi yake na kumrudisha akazibe. Feza hakugombana naye. Alimpa jembe.

"Swali moja, mstari mmoja. Ukifika mwisho wa mstari, uliza."

Nathanaël alidhani ni mzaha, akacheka, akaona anacheka peke yake. Akavua viatu. Mstari wa kwanza ulimtoa malengelenge, wa pili ulimtoa maneno ya Kifaransa ambayo Feza hakuyaelewa, wa tatu ukamtoa swali ambalo halikuwa kwenye karatasi zake: "Mama, mbona huku bondeni mumeachanisha mashina kuliko kule juu?" Feza akafurahi. Hilo lilikuwa swali la mtu aliyeinama. Akamjibu mpaka jua likazama, bila kumdai mstari mwingine.

Habari ilifika kwenye vyuo vya Kasongo haraka kuliko pikipiki. Wanafunzi wa huku, ili wamalize masomo, kila mmoja lazima aandike kazi yake ndefu, aende kwa watu kuuliza, kisha aitetee mbele ya juri, yaani walimu watatu waliokaa mezani kumhoji huku ndugu zake wakisikiliza. Na watu wa kuulizwa ni wagumu. Mwingine anakukimbia akidhani umeleta kodi. Mwingine anakuambia "ndiyo" kwa kila kitu ili uondoke. Lakini kwa Mama Feza, walisema, ukitoa jasho unapata jibu lenye nyama.

Basi wakaja. Wa afya akaja na homa za watoto, akaacha choo kizuri chenye mfuniko. Wa sheria akaja na mambo ya mashamba ya wajane. Huyo alilipa kwa kwenda naye kwa shefu wa kijiji na kusimama juani kutwa nzima wakati Feza anadai shamba ambalo shemeji zake walilitaka baada ya mume wake wa kwanza kufa. Wa maendeleo ya vijijini akaijengea chemchemi kwa mawe. Wa historia, msichana mwembamba kutoka Kabambare, alitaka kujua wanawake wa zamani walivyobadilisha mafuta ya mawese kwa chumvi, naye akatwanga mpunga mpaka mchi ukamzoea. Ukizunguka boma la Feza leo utakanyaga kazi za vyuo vyote, kila moja ikiwa na matumizi.

Yeye mwenyewe alisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Baba yake alianguka kutoka kwenye mchikichi, akabaki na nyonga mbovu, na Feza akahamia nyuma ya madumu ya mafuta ya mama yake. Huko ndiko alikosomea. Siku moja, bado kinda, alikuwa sokoni wakati mama mmoja mnunuzi kutoka Kasongo alipouliza kama mafuta yote ni mapya. Mama yake alishafungua mdomo kusema ndiyo, Feza akamtangulia: "Dumu ile ya nyuma ni ya zamani." Mama yake alimfinya paja mpaka machozi yakamtoka. Lakini yule mnunuzi alichukua madumu yote isipokuwa lile, na tangu hapo hakununua kwa mwingine. Feza alijipaka mate pale palipofinywa, akashika somo lake: mteja haogopi kitu kibovu, anaogopa kutojua kibovu kiko wapi.

Ndiyo akili aliyojengea maisha. Mume wake wa sasa, Abdoul, fundi cherehani mpole, husema ameoa soko zima.

Sasa, Januari hii, mvua zikiwa zimeshika, karanga zikiwa tayari kung'olewa, Feza alikuwa uani anapepeta mpunga jioni jua likiwa bado halijazama. Akasikia pikipiki inalia bondeni kama mbuzi aliyekwama. Ilikuwa ya Bulaimu, dereva anayejulikana njia yote kwa pikipiki yake isiyo na kioo wala haya. Nyuma yake, tope mpaka kwenye nyusi, alikaa Arlette.

Arlette alikuwa mwanafunzi wake wa mwisho, na Feza alimpenda kwa namna yake, yaani alikuwa amempa mistari mirefu. Kazi ya msichana huyo ilihusu kikundi cha Feza cha kulimiana kwa zamu: wanawake wa kijiji wanaingia wote shamba la mmoja, mwenye shamba anapika, kesho yake wanahamia kwa mwenzake. Kazi nzima ilisimama juu ya kikundi hicho kimoja. Na kwa kumlipa, Arlette alikuwa amepanda karanga, mwezi wa tisa, akiwa na kitambaa kichwani na nyimbo za kanisa mdomoni.

"Eh, gradué wetu, msomi wetu!" Feza akaita. "Umekuja na soda ama umekuja na mikono?"

Arlette akashuka, akasimama, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Mama Feza, wanasema hauko."

"Siko wapi?"

"Hauko popote. Hauko duniani."

Feza akaweka ungo chini. "Abdoul!" akaita ndani. "Njoo usikie. Kumbe chakula chako anapikaga nani?"

Bulaimu akacheka mpaka akashika usukani. Arlette akaeleza, maneno yakigongana. Chuoni kumekuja mwalimu mpya kutoka Kindu, Prof Roger, mtu wa miwani na saa kubwa, ambaye badala ya kulala mchana anasoma kazi za zamani za wanafunzi. Akamkuta Feza kwenye kazi ya mpunga. Akamkuta kwenye homa. Akamkuta kwenye sheria, kwenye chemchemi, kwenye historia. Leo asubuhi Arlette alisimama kutetea kazi yake, ndugu zake wameshona kitenge kimoja wote, bibi yake ameletwa kutoka shamba, sufuria za kuku ziko nje zinasubiri. Prof Roger akainua rundo la kazi na kuliangusha mezani. "Huyu Feza," akasema, "ni mzimu wa maktaba. Wanafunzi wanamrithishana kama nguo. Wanajifungia chumbani, wanajijibu wenyewe, kisha wanaandika: amesema Feza."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema uko. Akasema: mulete. Kesho mchana, kabla juri haijainuka. Usipofika, kazi inaanguka na mwaka unaanguka nayo. Na mjomba anayenisomesha, unamujua, alishasema hana mwaka wa pili."

Feza hakukasirika. Kilichompanda kilikuwa lile joto la siku ya soko kubwa, wakati mnunuzi mgumu anatokea mbali na wewe bado hujapanga bidhaa. Mtu msomi, kutoka Kindu, amesema mbele ya watu kwamba yeye hayuko! Bei nzuri kama hiyo hajawahi kufunguliwa.

"Kesho ni soko yangu," akasema, uso mkavu.

"Mama, tafadhali..."

"Nikienda, mafuta yangu yanalala. Karanga zimekomaa, mvua zikiendelea zitaota tena humo humo chini. Nani atazing'oa?"

"Nitarudi. Nitazing'oa mimi."

"Peke yako? Karanga zitakuzeesha."

"Nitakuja na wenzangu."

"Wenzako wangapi?"

"Darasa nzima!" Arlette akalia.

"Na wasije na mikono mitupu, kila mumoja na kikapu. Na sitaki wale wanaokula karanga mbichi kuliko wanazoweka."

"Mama Feza," Bulaimu akaingilia, "mbona unafunga bei na kitenge umekwisha kutoa kwenye sanduku?"

Ilikuwa kweli. Wakati mdomo unabishana, miguu ilikuwa imemwingiza ndani na kumtoa, na mikono imekwisha kutandika juu ya kiti kitenge chake cha sikukuu, kile chenye ndege wa bluu. Abdoul alikuwa ameshaanza kukipiga pasi.

"Wewe endesha pikipiki," Feza akamwambia Bulaimu. "Bei haikuhusu."

Kabla hawajalala alikwenda shambani na Arlette, wakang'oa mafungu machache kwenye mistari ile ile aliyoipanda msichana, wakayakung'uta udongo, wakayatia kwenye bakuli la plastiki na kulifunika majani ya ndizi.

Walitoka alfajiri ukungu ukiwa umelalia barabara. Bulaimu mbele, Arlette katikati, Feza nyuma na bakuli la karanga mapajani, kitenge cha ndege kikiwa ndani ya mfuko, maana hakuna mwenye akili anayevaa nguo njema kabla ya ile barabara. Barabara yenyewe ilikuwa imeoza. Kila penye mteremko Bulaimu alizima injini na kuomba dua, kila penye mlima wakashuka kusukuma.

"Mama, unasukuma ama unaegemea?" Bulaimu akauliza, jasho likimtiririka.

"Mi siko, Bulaimu. Mutu asiyekuwa duniani anasukumaga na nini?"

Wakacheka, pikipiki ikazimika, wakasukuma tena.

Kwenye kijito cha mwisho kabla ya njia kunyooka, magogo ya daraja yalikuwa yamesogezwa na maji. Limebaki moja, jembamba, lenye utelezi. Arlette akakaa chini kwenye tope. "Basi," akasema. "Imekwisha."

Feza hakumsikia, alikuwa anatazama ng'ambo. Kulikuwa na wanaume wa kanisa moja wanaokwenda kulima shamba la mchungaji wao, na mama mzee aliyekwama na furushi kubwa la mihogo mikavu lililomshinda kubeba.

"Bandugu!" Feza akapaza sauti. "Furushi la mama linaenda wapi?"

"Kasongo, sokoni!"

"Litafika! Mutubebee pikipiki, sisi tunabeba furushi."

Wanaume wakatazamana. Mmoja akasema pikipiki ni nzito kuliko mihogo. Feza akasema laana ya mama mzee ni nzito kuliko vyote, maana akikosa soko leo ni wao atakaowaombea ubaya shambani kutwa nzima. Mama mzee akaitikia: "Nitawaombea kweli!" Wakavua mashati. Pikipiki ikavuka juu ya mabega yao kama jeneza lenye bahati, na upande wa pili Bulaimu alipoona mzigo wake mpya akashika kichwa.

"Watu watatu, karanga, na mihogo. Mama Feza, umeniacha na nafasi ya roho yangu tu."

"Roho haina uzito. Washa."

Waliingia Kasongo jua likiwa limepita utosini. Mihogo wakaitupia kwenye kibanda alichowaelekeza mama mzee, Feza akajisitiri nyuma ya ukuta akavaa ndege wake wa bluu, na wakakimbia kwenye chumba cha chuo huku Arlette anamshika mkono kama mwizi aliyekamatwa.

Ndugu wa Arlette walikuwa bado mle, kitenge kimoja, nyuso zimeshuka. Mezani walikaa watatu: Papa Pierre, mzee wa juri, mtu wa kusinzia na kuamka penye maana, mama mmoja mwalimu wa takwimu aliyeandika bila kukoma, na Prof Roger, ambaye alikuwa tayari amekwisha kufunga kalamu yake.

"Huyu ndiye Mama Feza," Arlette akasema, pumzi juu.

Chumba kikavuma. Bibi yake akapiga kigelegele, akanyamazishwa.

Prof Roger akainuka kidogo, kwa heshima, maana hakuwa mtu mbaya. "Karibu, Mama. Hatukukusudia kukusumbua. Lakini Kasongo nzima iko na mama ambao wanaweza kuvaa kitenge na kusema mi ni Feza. Una kadi?"

Feza akachomoa kadi yake ya mpiga kura kutoka kwenye kifundo cha nguo. Miaka ya jasho na mvua ilikuwa imeipangusa. Jina lilisomeka nusu, na pale penye picha palibaki weupe mtupu.

Prof Roger akaigeuza huku na huku. "Hapa hakuna uso."

"Uso niliuleta mwenyewe," Feza akasema.

Watu wakaangua kicheko. Hata yule wa takwimu aliacha kuandika. Prof Roger naye alitabasamu, akavuta rundo la kazi mbele yake. Feza naye akaketi mezani kando ya Arlette, akaona: mnunuzi amekaa, sasa ndiyo biashara.

"Mama, nitakusomea unavyosemwa humu. Wewe utaniambia. Hapa ni mulimaji wa mpunga bondeni."

"Ndiyo mimi."

"Hapa ni mjane mwenye kesi ya shamba. Na hapa, mwaka uleule, una mume."

"Mume wa kwanza alikufa, wa pili anashona nguo. Kitu gani kinakushangaza, Prof? Kwenu mutu anapewa mume mumoja tu?"

Kicheko tena. Arlette alianza kupumua. Homa za watoto: ndiyo. Chemchemi: ndiyo. Chumvi na mafuta ya zamani: hayo ni ya mama yangu, nilimpa yule msichana kama nilivyopewa. Kila "ndiyo" ilimpandisha Arlette kidogo kwenye kiti. Kisha Prof Roger akachukua kazi nyingine, yenye jalada la kijani.

"Hapa wewe ni mchimbaji wa dhahabu, Lusangi. Umeshuka kwenye mashimo miaka mingi. Unaeleza namna ya kuosha mchanga."

Chini ya meza, mguu wa Arlette ukaukanyaga wake. Macho ya msichana yalisema wazi: sema ndiyo, Mama, sema ndiyo tu, limebaki hili. Ndugu wote wenye kitenge kimoja walikuwa wanamsogeza kwa macho. "Ndiyo" moja, na kuku walioko nje wataliwa.

Lakini ule mguu uliomkanyaga ulikuwa kidole kilekile kilichomfinya paja sokoni, na Feza alikuwa na jibu lake tangu siku hiyo.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni uongo."

Arlette akafunika uso.

"Lusangi niliuzaga ndizi kando ya mashimo, siku chache. Ndani sikushuka. Aliyeandika hiyo alifika kwangu, akauliza kama nilipata kuona dahabu, nikamupa jembe, akasema anarudi kesho. Kesho yake mupaka leo sijaiona."

Prof Roger akaegemea nyuma. Hakufurahi kwa ubaya. Alifurahi kama mtu ambaye hesabu yake imetoka. "Basi, Mama, umekubali mwenyewe. Humu ndani kuna uongo. Sasa kazi ya huyu msichana nitaiamini kwa nini?"

"Kwa sababu nimekuonyesha ndizi iliyooza," Feza akasema, na sauti yake ikawa ile ya sokoni, isiyo na haraka. "Nimetoka mbali, Prof, nimebebewa pikipiki mabegani na watu. Kama nilikuja kudanganya ningesema zote ni zangu, nikala kuku nikarudi. Nimekutolea mbovu. Zilizobaki ni nzima. Chukua, bonyeza."

"Lakini wanakulipa kwa kulima. Jibu la kulipiwa si jibu safi."

"La bure ndilo chafu! Mutu akikuuliza bure unamupa neno la kumufukuza. Huyu," akamshika Arlette begani, "alikuwa kwangu kutwa, ameinama na sisi. Ningemudanganya nini, na macho alikuwa nayo? Yule wa dahabu hakuinama, ndiyo maana alipaswa kutunga."

Akafunua majani ya ndizi, akamimina karanga mezani, udongo na vyote. Zingine zikabingirika mpaka kwenye makaratasi ya Papa Pierre, ambaye aliamka kabisa.

"Alizipanda yeye. Mistari yake imepinda kama mikono ya mlevi, karanga zimekataa kuona aibu, zimezaa. Njoo uone mistari hiyo kama unaniona mimi ni mzimu."

Papa Pierre akavunja karanga, akatafuna, akasema taratibu, "Roger, uliza kitu cha ndani ya kazi."

Prof Roger akafikiri. Akafunga kazi ya Arlette ili pasiwe na wa kuchungulia, akamwambia Arlette ageukie ukuta. "Mama, kikundi ni chako, wewe ndiye uliyekianzisha. Zamu yako ni ya ngapi?"

"Ya mwisho."

"Kwa nini? Mwenye kitu si anatangulia?"

Feza akacheka, cheko la kweli, maana hakuna kitu alichokijua vizuri kuliko hicho. "Prof, aliyekwisha kulimiwa shamba lake miguu inamuwaga mizito. Mara anaumwa, mara mutoto anaumwa. Nikitangulia mimi, kikundi kinakufa katikati. Nikiwa wa mwisho, wote wanafika mwisho, kwa sababu wananiogopa."

Prof Roger akafungua kazi, akatafuta ukurasa, akasoma kwa sauti, kwanza kwa Kifaransa, kisha akaugeuza polepole kwa ajili ya ndugu: "Mwanzilishi kujiweka katika zamu ya mwisho ndiko kunakolinda uhai wa kikundi; bila hofu wanayomwonea, wanaolimiwa mapema wangejitoa."

"Ndiyo hivyo," Feza akasema. "Ila yangu ni fupi."

Hapo chumba kikalipuka. Papa Pierre alipiga meza bila mtu kumsikia. Walitoka wakajadiliana, wakarudi, na Papa Pierre akasoma: kazi ya Arlette imekubaliwa, na kwa alama nzuri; kuhusu ile yenye jalada la kijani, chuo kitaitazama upya. Kigelegele cha bibi hakikunyamazishwa tena. Unga wa pongezi ukamwagwa kichwani mwa Arlette, mjomba asiyekuwa na mwaka wa pili akacheza mpaka kiatu kikafunguka, na sufuria za kuku zikafunuliwa uani. Bulaimu, aliyekuwa ameingia bila kualikwa na mtu, ndiye aliyeketi kwanza.

Arlette akamkumbatia Feza shingoni. "Mama, uliniua pale!"

"Nilikuuza vizuri," Feza akamwambia. "Usisahau darasa nzima. Na vikapu."

Alikuwa kwenye paja la kuku wakati Prof Roger alipokuja na kiti chake, akakaa karibu, akavua miwani na kuifuta ingawa haikuwa chafu.

"Mama Feza. Mimi pia nina kazi yangu, kubwa, ya shahada ya udaktari. Juu ya wanawake na mashamba ya zamu. Ningependa kukuuliza maswali kidogo. Kama thelathini."

Feza akatazama viatu vya Prof. Akatazama mikono yake, laini kama sabuni mpya.

"Thelathini," akasema.

"Ninaweza kuleta sabuni. Na chumvi, mfuko mzima."

"Chumvi nzuri. Chumvi ni ya kukaribishwa." Akatafuna, akameza. "Sasa tuongee ya maswali."

"Labda ishirini, basi," Prof Roger akasema.

"Usipunguze, Prof. Shamba ni kubwa."

Alikuja kweli, wiki ile ya karanga, nyuma ya pikipiki ya Bulaimu, na buti za mpira zinazomeremeta. Darasa la Arlette lilikuwa limetawanyika shambani na vikapu, likiimba na kula karanga mbichi kuliko lilizoweka, na Feza akilipigia kelele kutoka kila pembe. Prof Roger alitoa karatasi mfukoni, akakohoa.

"Mama Feza, swali la kwanza..."

Feza akamkabidhi jembe, akamwonyesha mstari uliopinda kuliko yote.

"Fika mwisho kwanza."